Ukurasa wa Kumi na Moja

Watoto walimwita Bi Nukta, nasi walimu tukalidaka jina hilo kwa sababu lilimkaa. Alikuwa mfupi, mwenye maneno machache, na akishamaliza kusema amemaliza. Ukisahau nukta mwisho wa sentensi alikukata alama nzima, hata kama insha yako ingemtoa mtu machozi. Miaka kumi na minne tulikaa meza moja katika chumba cha walimu, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa kabati lenye mlango usiofunga, na kwa muda wote huo sijamwona akisahau kitu. Alikumbuka nani alimaliza sukari ya chai, muhula gani. Kuna mwanafunzi aliwahi kumdanganya kwamba bibi yake amefariki ili akwepe mtihani. Miaka mitano baadaye bibi huyo alifariki kweli. Bi Nukta alikwenda msibani, akatoa pole kwa watu wote, akamwinamia yule kijana na kumnong'oneza, "Sasa ndiyo umesema kweli."

Ukitaka kumjua, mjue kwanza baba yake. Mzee yule alikuwa mshika kamba wa wapima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Bwana mpimaji husimama kivulini na darubini yake ya miguu mitatu. Mshika kamba ndiye anayeingia vichakani, matopeni, kwenye nyua zenye mbwa wakali, akiburuta kamba yenye alama mpaka pale anapoonyeshwa kwa kidole. Nusu ya mitaa ya mji wetu ilikanyagwa na miguu yake kabla haijawa mitaa. Ramani zilipochapishwa, pembeni kwa chini paliandikwa jina la mpimaji, jina la mchoraji na jina la aliyeidhinisha. La mshika kamba halikuandikwa popote. Bi Nukta alikua akilisikia jambo hilo kila jioni mezani, na mumewe, fundi wa redio, aliniambia kwamba hata siku ya harusi yao mzee alisimama kutoa nasaha, akaishia kutaja barabara alizozipima na watu walioandikwa badala yake.

Mtu wa pili wa kumjua tulimwita Muhuri. Wakati huo alikuwa mwalimu wa taaluma, yaani maandalio yetu yote ya masomo yalipita kwake kukaguliwa. Muhuri aliuweka muhuri wake kwenye mfuko wa shati, na mashati yake yote yalikuwa na doa la wino wa zambarau juu ya moyo. Hakusoma. Alifunua, akapiga, akafunua, akapiga. Siku moja niliandika kwamba lengo la somo langu ni wanafunzi waweze kuruka kama kunguru ifikapo mwisho wa kipindi. Akapiga muhuri, akaweka saini na neno "Vizuri".

Huyo ndiye aliyepelekewa kazi ya likizo nzima ya Bi Nukta.

Ilikuwa ni mradi aliouita "Ramani ya Mtaa Wetu". Madarasa manne, kuanzia la tatu hadi la sita, kila moja lingepewa robo ya mtaa unaoizunguka shule. Watoto wangetoka na madaftari, wapime barabara kwa hatua zao, wachore kipande chao, na siku ya mwisho vipande vinne viunganishwe ukutani viwe ramani moja. Aliuandika kwa mkono, kurasa kumi na moja. Kumi alizipeleka kwa Muhuri. Ule wa kumi na moja ulibaki nyumbani kwa sababu baba yake alikuwa hajamaliza kuuchora, na Bi Nukta alisema ataupeleka baadaye.

Huo ulikuwa ukurasa wa kipimo. Hatua ya mtoto wa miaka minane si hatua ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, kila mtoto anatembea kando ya kamba ya mita kumi na kuhesabu hatua zake, ndipo darasa linageuza hatua kuwa mita. Bila hivyo kila darasa litachora mji wake, na miji hiyo haitakutana. Ukurasa huo pia ndio uliosema vipande vijaribiwe kuunganishwa sakafuni wiki moja kabla ya wageni kuja.

Muhuri alizikalia zile kurasa kumi mwezi mzima, kisha akamwambia, "Mwalimu, hii haina mashiko. Watoto kuzurura barabarani? Wazazi watatuelewaje?" Hakumrudishia. Miezi minne baadaye tukasikia amekwenda semina ya walimu wa wilaya, amesoma mradi wake, umeitwa "Ramani ya Mtaa Wetu". Umepigwa chapa, jina lake juu. Walimpa cheti kikubwa chenye fremu ya kioo. Muhula uliofuata akafanywa naibu wa mwalimu mkuu, na cheti akakitundika katika chumba cha walimu, mkabala na meza yetu. Kila Bi Nukta alipoinua kichwa kutoka kwenye madaftari ya kusahihisha, alikutana nacho.

Nilimwambia akashtaki.

"Kwa nani?" akaniuliza. "Yangu ya mkono, yake ya mashine. Na nani atamsikiliza mwalimu wa darasa la nne?"

"Kwa hiyo unaacha?"

"Nimesema naacha?" Aliongea bila kupandisha sauti, kalamu nyekundu mkononi. "Sitaki cheo chake. Sitaki hicho kioo chake. Nataka siku moja asimame mbele za watu aseme kwa mdomo wake: kazi hii si yangu, ni ya mwalimu wa darasa la nne. Na baba awe amekaa hapo anasikia. Basi."

Mimi nami nilikuwa na langu na Muhuri. Mama yangu alipolazwa, nilimwachia barua ya ruhusa mezani kwake. Akaipiga muhuri bila kuisoma, halafu akaniandika mtoro siku nne. Kwa hiyo Bi Nukta aliponiambia hayo, sikumpa nasaha za subira huvuta heri. Nilimwambia siku yake ikifika asinisahau.

Alisubiri miaka miwili. Mtu mwingine angezira salamu, angepiga vijembe kwenye chai. Yeye alimwamkia Muhuri kila asubuhi, akamsogezea kiti kwenye vikao, na Muhuri, ambaye hakuwahi kusoma kitu mpaka mwisho, hakumsoma na yeye.

Sasa, shuleni kwetu kila muhula wa pili madarasa hayo manne hufanya mradi mmoja wa pamoja, na mada huchaguliwa kwa chaki. Mada zinazopendekezwa zinaandikwa kwenye vikaratasi, mbele ya kila kikaratasi kinawekwa kikombe cha chai, na kila mwalimu anapita na kipande chake cha chaki. Tunaiita kura ya siri, ingawa chaki ikianguka ndani ya kikombe cha bati hata mpishi anasikia umechagua nini. Na kuna sheria moja: mwenye mada ndiye mwenye mzigo. Mada yako ikishinda, wewe ndiye unayeongoza mradi mpaka siku wazazi wanakuja kuutazama.

Mwaka ule mwalimu wa darasa la tatu alipendekeza "Usafi". Usafi ulikuwa umeshinda mara tatu mfululizo. Watoto wetu walikuwa wakiimba habari za kunawa mikono hata usingizini. Mwalimu wa darasa la tano akapendekeza "Miti", kwa sababu kabatini kwake kulikuwa na mabango ya miti aliyoyachora miaka ya nyuma na hakutaka kuchora mengine.

"Miti ni uhai," alisema.

"Na usafi je?" akamjia juu wa darasa la tatu. "Au wewe unakaa kwenye miti?"

Wakabishana hivyo robo saa nzima. Mwalimu mkuu alikuwa amejishika kichwa. Ndipo Bi Nukta, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kwenye vikao, akanyoosha mkono.

"Mwalimu mkuu, mimi naona tunajiaibisha. Tuna mada hapa imesifiwa wilaya nzima, cheti kile pale ukutani. Wenzetu wa shule nyingine wakituuliza sisi wenyewe tumeifanya lini, tutasema nini? Naibu ametuletea sifa, sisi tunarudi kwenye mafagio. Napendekeza Ramani ya Mtaa Wetu. Na naibu mwenyewe atuongoze, maana nani anaijua kama yeye?"

Kilemba cha ukoka hicho, na kilimkaa Muhuri barabara. Alitabasamu. Kisha akafikiri kidogo, na tabasamu likaanza kukauka.

"Labda mwakani," akasema. "Tujipange kwanza."

"Mwaka huu," mwalimu mkuu akamkata. "Afisa elimu anakuja safari hii, na mimi nimechoka na mafagio."

Bi Nukta alikuwa wa kwanza kutia chaki, mimi wa pili. Niliiachia kutoka juu ili ilie vizuri. Kati ya walimu kumi na watatu, tisa tuliitaka ramani, na Muhuri akapigiwa makofi ambayo hakujua ayapokee kwa uso gani.

Wiki iliyofuata alitugawia nakala za mradi "wake". Zilikuwa kurasa kumi. Nilizisoma, kwa sababu mimi husoma, na kwenye ukurasa wa sita nikakuta: "Wanafunzi wachore kwa kipimo kilichokubaliwa (tazama ukurasa wa kumi na moja)." Nikafunua nyuma. Hakuna. Mtu yule alikuwa amewapa wachapaji, akasoma mbele ya semina, akapokea cheti, akapandishwa cheo, na kwa miaka miwili hakuwahi kugundua kwamba karatasi zinamtuma mahali pasipokuwapo. Na waliompa cheti nao hawakugundua. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa darasa la tano akaniuliza kama nina homa.

Nilimfuata Muhuri kwenye baraza. "Naibu, ukurasa wa kumi na moja uko wapi?"

Alichukua nakala, akaitazama kama vile ameipokea siku hiyo. "Kosa la uchapaji hilo, mwalimu. Wewe chukua hatua kumi, sentimita moja. Waambie na wenzako."

"Hatua za nani?"

"Za watoto, mwalimu. Kwani tunapima kwa hatua za nani?"

Nikarudi mezani na kumweleza Bi Nukta. Alikuwa anasahihisha hesabu.

"Umemuuliza wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Akasema hatua kumi, sentimita moja."

"Ndivyo alivyosema."

Akavuta alama ya vema ndefu mpaka ikatoka nje ya daftari la mtoto wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu kile cheti kitundikwe niliyaona meno yake.

Siku chache baadaye, masomo yalipokwisha na walimu wengi wameondoka, nilirudi kuchukua mwavuli wangu. Nyuma ya jengo la madarasa nikasikia watoto wakihesabu kwa sauti ya chini. Walikuwa darasa la nne. Kamba ya zamani ya mzee, yenye alama nyekundu kila mita, ilikuwa imenyooshwa chini kutoka nguzo hadi nguzo, na watoto walipita kando yake mmoja mmoja, kila mmoja akiandika idadi ya hatua zake. Bi Nukta aliinua uso akaniona.

"Umesahau nini?"

"Mwavuli."

"Umeupata?"

"Nimeupata."

"Na kingine?"

Nikamwambia, "Sijaona kingine." Nikaondoka zangu, na njiani nilikuwa napiga mluzi. Nilielewa kila kitu. Darasa lake litakuwa na kipande sahihi, sisi wengine vya ovyo, na siku ya wageni Muhuri atasimama mbele ya ramani isiyokutana na ataulizwa. Nilijua pia kwamba katika hao "sisi wengine" limo darasa langu la sita. Hilo nililiweka kando, kama mtu anavyoweka kando chombo cha kuosha kesho.

Watoto wangu walikwenda kupima kwa shauku iliyonishinda kutazama. Kiongozi wa wapimaji alikuwa msichana mwembamba, miguu mirefu, wenzake walimwita Twiga. Alihesabu hatua za barabara ya sokoni kwa sauti mpaka midomo ikakauka. Alipofika mia nne na ushee, baiskeli ikampigia kengele, hesabu ikampotea. Wenzake wakamwambia akadirie tu. Akakataa, akarudi mpaka kwenye geti la shule, akaanza na moja. Nilikuwa nimesimama pale pale. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: mtoto, subiri, kuna kamba. Nikayameza, kwa sababu nilitaka kumwona Muhuri chini kuliko nilivyotaka kumwona mtoto yule juu. Nalisema hivi lilivyo. Sina jinsi nyingine ya kulisema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti juu. Afisa elimu, mama mmoja mwenye miwani na daftari jeusi, alikaa mbele. Pembeni yake Bi Nukta alikuwa amemkalisha baba yake, amenyolewa ndevu, koti limepigwa pasi, fimbo katikati ya miguu. Muhuri alivaa tai. Alitoa hotuba ndefu juu ya ubunifu wake, jinsi wazo lilivyomjia, na jinsi atakavyowaonyesha wageni jambo ambalo hata yeye hajaliona: vipande vinne vikiwa kitu kimoja. Hapo alisema kweli, hakuwahi kuliona.

Darasa la tatu lilitundika kipande chake juu kushoto. Darasa la nne likatundika chake kulia kwake. Barabara ya sokoni ilitoka kwa wale wadogo, ikafika ukingoni, ikapigana na ukuta wa zahanati. Kwa darasa la nne barabara hiyo hiyo ilianza upana wa kiganja kizima chini yake. Muhuri akacheka kidogo, akakisogeza kipande. Barabara ya sokoni ikakubali, ya zahanati ikakataa. La tano likaja, mto ukakatika. Langu likaja la mwisho, na daraja tulilolichora kwa rangi ya samawati wiki nzima likaangukia uwanja wa mpira.

Kicheko kilianzia nyuma. "Jamani, nyumba yangu imehamia kwa jirani!" baba mmoja akapaza sauti. "Basi na kodi alipe yeye," mwenzake akajibu, ukumbi ukavunjika mbavu. Muhuri alihangaika na pini, akang'oa, akachoma, akang'oa. Twiga alikuwa amesimama amebandika viganja vyake viwili juu ya karatasi yetu, anaisukuma kwa nguvu ili barabara zikutane, mpaka ikachanika pembeni.

"Mwalimu," afisa elimu akauliza, "kipimo chenu ni kipi?"

"Hatua kumi, sentimita moja, mheshimiwa."

"Hatua za nani?"

Muhuri akafunua nakala yake, ukurasa wa sita, akaenda mwisho, akarudi wa sita. Jasho lilimshuka mpaka kwenye lile doa la wino. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama anavyotafuta. Akakunja karatasi zake.

"Mheshimiwa, niseme ukweli," akasema. "Kazi hii si yangu. Ni ya mwalimu wa darasa la nne. Yeye ndiye aliyeiandika, kurasa zote, mimi niliisoma tu kwenye semina. Kwa hiyo kama ina makosa, aulizwe yeye."

Ilikuwa sentensi ile ile. Miaka miwili Bi Nukta aliisubiri, na mtu yule alikuja kuitoa siku ambayo kuitoa kulikuwa ni kumtupia takataka. Lakini Bi Nukta hakujali imekuja imevaa nini. Alisimama.

"Ndiyo," akasema. "Ni yangu."

Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua mbele ya afisa elimu. Ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wake na michoro ya baba yake. Akaeleza habari ya hatua, ya kamba, ya kugeuza hatua kuwa mita. Akaonyesha kwamba kipande cha darasa la nne ni sahihi na vingine vitatu vimekosewa kwa sababu aliyeuiba mradi aliiba kurasa kumi tu. Afisa elimu aliandika haraka haraka. Wazazi wa darasa la nne wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Muhuri alikuwa ameketi kwenye kibenchi cha chekechea, magoti karibu na kidevu. Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana.

Mzee ndiye aliyenyanyuka. Alijikongoja hadi ukutani, akasogeza uso kwenye karatasi, akapitisha kidole kwenye kipande cha darasa la nne, kisha kwenye vile vingine.

"Hiki kimepimwa," akasema. "Hivi vimetembewa tu." Akawageukia watoto. "Nyinyi wengine hamkupewa kamba?"

"Hapana, babu," wakajibu.

"Kwa nini?"

Mtoto mmoja wa darasa la nne, ameng'oka meno ya mbele, akaruka kwa furaha. "Sisi peke yetu ndio tulipewa, babu! Mwalimu alisema ni siri ya darasa la nne. Alisema tusiwaambie wengine mpaka leo."

Wazazi wa yale madarasa matatu waligeuza vichwa kumtazama Bi Nukta, na yeye alikuwa akimtazama baba yake.

"Ulikuwa nayo," mzee akasema, "ukawaacha hawa wapime bila kamba?"

"Baba, umemsikia? Umesikia alichosema? Amesema ni yangu. Mbele ya watu wote."

"Nimesikia."

"Hukunisikia mimi miaka yote—"

"Wakubwa wangu walininyima jina," mzee akamkata. "Wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyenipeleka porini kwa makusudi ili nirudi na kipimo cha uongo. Hata mmoja. Kamba yangu iko wapi?"

"Baba."

"Nipe kamba yangu, mwanangu."

Bi Nukta akaenda darasani kwake, akarudi nayo. Mzee aliikunja palepale, kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, polepole, kama alivyokuwa akiikunja kazini. Ukumbi mzima ukamsubiri amalize. Kisha akaitundika begani na kutoka, na binti yake hakumfuata.

Barua mbili zilikuja. Ya Muhuri ilimvua unaibu na kumpeleka kufundisha shule nyingine; cheti kilishushwa, pakabaki kiraka cha rangi safi ukutani. Ya Bi Nukta ilikuwa ya onyo, kwa kuwaficha wenzake na wanafunzi maarifa ya kazi. Aliisoma mara moja, akaitia kwenye droo.

Kabla ya barua hizo, mchana ule wa wageni, watu walipokwisha kuondoka, tulikaa mezani kwetu wawili tu.

"Amesema," akaniambia.

"Amesema."

"Hebu rudia alivyosema."

Nikarudia. Akasikiliza amefumba macho. Akaniambia nirudie tena, kuanzia pale aliposema "niseme ukweli". Nikarudia tena. Nikamuuliza, "Na watoto?"

"Watoto watapima tena," akajibu. "Yeye hatasema tena." Akachukua kalamu nyekundu. Mpaka leo sijamsikia akijuta, na baba yake, aliyekuwa akiishi kwake, alipohamia kwa mtoto wake wa kiume mwezi uliofuata, Bi Nukta alisema mzee amependa hewa ya huko.

Mchana ule tukiwa bado mezani, Twiga ndiye aliyekuja mlangoni, karatasi yetu iliyochanika ameikunja chini ya kwapa. Akabisha hodi, akaniamkia.

"Mwalimu, tuiweke wapi?"

Nikamwonyesha juu ya kabati. Akaiweka. Hakuondoka. Alisimama akijikuna kiwiko, akamtazama Bi Nukta, akanitazama mimi.

"Mwalimu, na wewe ulijua kuhusu kamba?"

Bi Nukta hakuinua kichwa. Ningeweza kusema sikujua, na mtoto yule angeniamini, maana alikuwa ameshaniamini hatua kwa hatua kutoka getini mpaka sokoni, mara mbili.

"Nilijua," nikamwambia.

"Haya, mwalimu," akasema kwa adabu zote, akaondoka.

Nimeendelea kulifundisha darasa lile. Ni watiifu, hawajanivunjia heshima hata siku moja. Ila nikiwapa kitu cha kupima, meza au dirisha au uwanja, hupima mbele yangu na kuniletea jibu. Halafu nikishatoka darasani, nasikia kupitia ukuta wanaanza upya kuhesabu, na Twiga anawaambia wahakikishe.